Nilichora Jino kwa Kompyuta, Mchumba Wangu Akamng'oa Mama Meno

Nina miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Likasi, Kongo. Ndugu wasomaji, msinihukumu kabla sijamaliza...

Katika masomo yangu ya mwisho chuoni nilitafiti jambo moja: je, mawimbi ya sauti isiyosikika yanaweza kuonyesha ufa ndani ya jino? Sikuwa na mgonjwa hata mmoja. Nilichora jino la kubuni kwenye kompyuta, nikalitia ufa, kisha kompyuta ikakokotoa jinsi sauti ingepita na kurudi. Picha ilipotokea nililia kwa furaha!

Mchumba wangu, nitamwita Didier, alikuwa na chumba cha kutibu meno pale mtaa wa Kikula. Kwetu umeme ulikatika ovyo, yeye alikuwa na betri za jua, basi kompyuta yangu ikashinda kwake. Ningemshuku vipi mtu aliyekwisha kuja na wazee wake kujitambulisha nyumbani?

Jumapili moja niliitwa mbele ya kanisa kutoa ushuhuda. Hapo ndipo nilipoharibu! Badala ya kusema jino lenyewe ni la kuchora, nilisema Bwana amenipa mashine inayoona ndani ya jino. Vigelegele vikapigwa. Nikaona raha, nikanyamaza.

Kisha nikaenda Lubumbashi wiki tatu kwa profesa wangu, kompyuta nikaiacha kwa Didier. Niliporudi nilimkuta mama amevimba shavu hadi jicho limefumba. Meno mawili yameng'olewa! Akanipa karatasi yenye picha, akisema ndilo jino lake.

"Ile njo jino yangu, mutoto. Didier alinipitisha kwa masini."

Ulikuwa ufa wangu! Ule ule, umepinda pale kidole changu kilipoteleza nikichora. Mama alikwenda kwake akiumwa jino, akabandikwa kitu baridi shavuni, kisha akaonyeshwa jino lisilo la binadamu yeyote.

Nilimkimbilia Didier. Kwenye droo yake nilikuta rundo la picha ile ile, kila moja ina jina la muumini wetu. Nilimuuliza kitu kimoja tu: hata mama yangu?

"Weye njo ulishuhudia, chérie," akasema bila haya, bado akiniita mpenzi. "Batu benyewe baliamini."

Hospitalini tuliambiwa meno yaliyotolewa yalikuwa mazima. Jipu lilikuwa kwenye jino lililo kando yake, na usaha ulikwisha kuingia kwenye taya. Mama alipona, lakini mdomo wake haufunguki tena vizuri. Anaishi kwa uji.

Nilivunja uchumba. Mchungaji alinisihi nisiliaibishe kanisa, lakini nilisimama nikasema yote. Safari hii hakuna aliyepiga kigelegele...

Didier alinisaliti, simsamehe leo. Lakini uongo wake ulipita mlango niliouacha wazi mimi. Dada zangu mnaosoma, nawasihi, kama kazi yenu haijamgusa mgonjwa, semeni hivyo, hata mkikosa sifa!

Mama hajanilaumu hata siku moja. Juzi nilimsikia akimwambia jirani, kwa shida, kwa mdomo ule usiofunguka: "Mutoto yangu iko na akili sana."

Nilitoka nje nikalia.