Mgeni wa Omah

Saba. Wening alihesabu tena kwa ncha ya kalamu bila kuigusa skrini, akapata saba vilevile. Yeye mwenyewe alikuwa ameunganisha sita.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, Yogyakarta, mvua ikipiga vigae vya nyumba waliyoigeuza ofisi. Kazi yao ilikuwa kuwapigia simu wagonjwa wanaosafishwa figo, jioni, kuwakumbusha zamu zao za kesho. Mashine ndiyo iliyopiga. Ndani yake kila programu ilikaa kwenye kontena lake kama mtu aliyefungiwa chumbani na chakula chake: haoni, hasikii, mpaka uandike amri ya kumuunganisha na wenzake. Mtandao wao waliuita Omah, nyumbani kwa Kijawa, na makontena wakayapa majina ya vitu vya nyumbani. Lile la kupiga simu liliitwa Kentongan, kama gogo wanalogonga walinzi wa mtaa. Humo ndani yalitafutana kwa majina. Moja likiita, jingine liliitika.

La saba lilikuwa na anwani, lakini halikuwa na jina.

"Mas Lanang, hili lako?"

Lanang, aliyekaa meza ya pili, hakugeuka. "Mimi hata soksi zangu sizitambui. Litoe."

"Na kama ni la mtu?"

"Basi liache. Mbak Wening, utazeeka kabla hujaolewa kwa kuhesabu vitu visivyokuhusu."

Hakuweza kuliacha. Kitu kisicho na jina kilimkera kama unywele kwenye ulimi. Akalitoa mtandaoni, ili alirudishe na lebo mpaka mwenyewe ajitokeze. Kwa muda wa pumzi kumi hivi Omah ikawa na sita, na laiti angenyanyuka hapo akaenda kunywa chai, yangeishia hapo. Akaandika:

docker network connect --alias tamu omah 7c13e0

Tamu, kwa lugha yao, ni mgeni. Alipobonyeza, harufu ya sukari ya mnazi inayoungua ikamjaa puani.

"Bu Sumi, unaunguza!"

"Naunguza nini, Nduk, binti yangu?" mpishi wao akajibu kutoka uani alikokuwa akianua nguo. "Jiko sijaliwasha."

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jumatano wagonjwa walikuwa wengi, Kentongan akaelemewa. Wening akachungulia ndani ya Tamu, akakuta programu ileile ya kupiga simu, imekaa bure. Akadhani Lanang aliiweka ya akiba akaisahau, kwani Lanang alisahau hata siku yake ya kuzaliwa. Basi akampa jembe: orodha ya majina, saa za kupiga, na kanuni moja aliyoiandika mwenyewe na kujivunia. Wazee wa Kijawa hawaitikii wakiitwa mara moja, hasa jua linapozama, kwa sababu binadamu huita mara mbili, na kile kisicho binadamu huita mara moja tu. Wagonjwa wengi walikuwa wakikata simu kwa hofu hiyo. Wening alikuwa ameiamuru programu ya Kentongan iite kila jina mara mbili, na tangu hapo hakuna aliyekata.

Alhamisi saa nane mchana nesi wa kliniki akapiga.

"Mbak, jana jioni mliwapigia watu kwa sauti ya nani?"

"Sauti ya mashine, Suster. Ileile ya siku zote."

"Watatu hawajaja. Wamekutwa wamekaa mlangoni kwao, simu sikioni. Wanapumua, wanakunywa maji. Lakini ukiwaita majina yao hawageuki." Akashusha sauti. "Mke wa Pak Kasiran anasema mumewe alikuwa akiongea na mama yake. Mama yake tulimzika mwaka juzi."

Wening akafungua orodha ya jioni ya leo. Jina la kwanza, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi: Rukmini Hastuti, Bantul. Mama yake mzazi, naye mgonjwa wa figo.

Akamwandikia: Ibu, leo usipokee simu yoyote mpaka saa kumi na mbili ipite. Jibu likaja upesi: Sawa, Nduk. Nakupikia mboga ya nazi.

Kisha akaanza kumtoa Tamu. Akaandika amri ya kumtenga na Omah. Mashine ikasema ametengwa. Akatazama orodha, saba. Akamzima, saba. Akafuta majina ya wagonjwa moja baada ya jingine, na kila alilolifuta likarudi juu ya orodha. Harufu ya sukari ikawa nzito kiasi cha kukwama kooni, na kutoka kwenye spika ndogo ya Lanang, ambayo waya wake ulikuwa sakafuni haukuchomekwa popote, ikaanza kutoka sauti ya chini kama ya mtu anayejifunza kusoma, ikitaja jina la mama yake silabi kwa silabi, ikikosea, ikirudia, ikikosea kidogo zaidi ya kwanza, mpaka Lanang, ambaye hakuna msiba uliowahi kumnyima neno la utani, akasimama ukutani na mikono kifuani akinong'ona, "Mbak, Mbak, fanya kitu."

Saa kumi na moja jioni Bu Sumi aliingia na kitambaa cha jikoni begani. Akanusa.

"Nani kapewa jina humu?"

Wening akamweleza yote.

"Bila uji?" Bu Sumi akashika kiuno. "Nyie watu wa chuo! Hata mtoto wa mtu hapewi jina pasipo uji mwekundu na mweupe. Umemwingiza nyumbani, umempa jina na kazi, na hukumlisha. Atakula nini kama si majina ya watu?"

Akapika mbio, mweupe wa mchele na mweupe mwingine uliotiwa sukari ya mnazi ukawa mwekundu, akaweka bakuli mbili mbele ya skrini. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro robo.

"Sasa mvue jina, ndipo umtoe. Na umwonyeshe njia, Nduk. Mgeni hafukuzwi hivihivi. Mwambie aende mtoni, aende bahari ya kusini, popote pasipo watu. Usipomwambia atakwenda anakokujua."

Wening akafuta lebo. Akaandika amri ya kumtoa. Amri ile ina nafasi mbili tu, unamtoa wapi na unamtoa nani. Nafasi ya tatu, ya kusema aende wapi, haipo. Saa ikasogea dakika moja. Akabonyeza.

Sita.

Spika ikanyamaza. Uji katika bakuli zote mbili ulikuwa umekauka na kupasuka kama tope la kiangazi. Lanang akacheka, akalia, akacheka tena. "Alhamdulillah. Bu Sumi, nitakuoa."

"Umemwambia njia?" Bu Sumi akamuuliza Wening.

Wening alikuwa anaitazama saa. Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi ikapita. Hakuna simu iliyotoka. Adhana ikaisha. Saa kumi na mbili na dakika tano akapiga yeye mwenyewe.

"Simu sikupokea, kama ulivyosema," mama yake akasema kwa furaha. "Ila mbona unanipigia, na umo chumbani unabadili nguo?"

"Ibu, mimi niko ofisini."

"Acha utani wako, Nduk. Umeniita mlangoni sasa hivi, 'Ibu, Ibu', mara mbili, kama mtu na adabu zake. Nikaitika. Ukasema umefukuzwa Omah, huna pa kulala. Nami nikashangaa, nyumbani si ndipo ha..."

Akakatika. Simu haikukatika. Wening alisikia sufuria ikichemka, na kutoka kwenye matundu madogo ya simu, yaliyokuwa yamegandamana na sikio lake, ikapanda harufu ya sukari inayoungua.

"Ibu!" akaita. Kisha, kama alivyofundishwa tangu utotoni, akaita mara ya pili. "Ibu!"

"Abee," ikaitika sauti, na ilikuwa sauti yake mwenyewe Wening, laini na tamu.