Na Wote Waliomo

Jua lilikuwa linazama Profesa alipochukuliwa na baba yake mdogo kwenda kusoma mkataba wa kununua gari. Jina hilo kampachika baba mdogo, kwa kejeli: digrii ya Kiswahili, miaka minne hana kazi, analala stoo kati ya mifuko ya saruji. Leo kaahidiwa udereva. Hata shati kapiga pasi.

Gari lilikuwa gari kweli. Jeusi, siti za ngozi, safu tatu, full option, bei ya kutupa. Muuzaji, mama mmoja mwembamba, alisimama mbali nalo kama mtu aliyeona nyoka.

Profesa akasoma, akacheka kwa pua.

"Mama, hapa umechapia. 'Nimenunua gari na wote waliomo.' Sema 'vyote vilivyomo'. Hivyo ni vitu, siyo watu."

Mama akaushika mkono wenye kalamu.

"Usiguse, mwanangu. Nimeandika ninachomaanisha."

Baba mdogo akafoka: mtu hana hata toroli, anasahihisha wenye magari. Akasaini. Mama akaondoka kwa miguu, nusura akimbie.

Hawajafika hata barabara kubwa...

Ti. Ti. Ti.

Taa za mikanda. Siti za nyuma kabisa, zote tatu. Baba mdogo akamwamuru asimamishe gari, aende akaifunge, angalau digrii ipate kazi.

Profesa akapenya hadi nyuma. Ngozi ilikuwa na joto. Harufu ya nywele mbichi, zilizolowa. Akafunga mkanda wa kwanza. Wa pili. Wa tatu ukagoma. Ulikuwa umepita juu ya kitu.

Kitu laini.

Kinapumua.

"Songa," kikanong'ona, kitoto kabisa. "Unatubana."

Alipomweleza, baba mdogo alicheka hadi akakohoa. Hakucheka tena wiki ya pili, aliporudi na alama za vidole vidogo shingoni. Kesho yake mteja akapatikana. Baba mdogo akamwita Profesa: andika mkataba, neno kwa neno kama wa yule mama, na lile kosa liache hivyo hivyo. Ukimaliza, kusanya mabegi yako. Gari likiondoka, dereva wa nini?

"Lakini baba mdogo, uliniahidi..."

"Ahadi hailiwi, Profesa. Andika."

Profesa akaandika. Kwa utulivu, kwa mwandiko mzuri. Baba mdogo akasaini bila kusoma. Gari likatoka getini na mteja wake.

Kimya. Hakuna ti hata moja.

Giza likiingia, Profesa yuko kituo cha basi, peke yake kwenye benchi. Simu ikaita. Baba mdogo, kwa kunong'ona. Yuko mezani, anasema. Viti vitatu vimejivuta vyenyewe.

"Mwanangu... uliandika nini?"

"Vyote vilivyomo. Kiswahili sanifu, baba mdogo. Vitu tu, siyo watu."

 Upande wa pili kiti kikaburuzwa, na kitu kikasema, karibu kabisa na simu:

"Songa."

Profesa akakata. Ndipo alipogundua kwamba, pale kwenye benchi tupu, alikuwa amesogea.