Kalamu ya Dawati la Mbele

Kila jioni baada ya shule, Machachari alianza na ufagio. Mama yake alikuwa fundi wa viti, na karakana yao nyuma ya nyumba ilijaa maranda kila siku kana kwamba haikufagiwa jana. Jina la Machachari alipewa na mama mwenyewe, maana mtoto yule hakujua kutulia wala kusubiri. Alifagia huku mashine ya kukereza ikivuma, na mama akirudia maneno yake yale yale kila alipounganisha mguu wa kiti: "Piga mpaka kigome! Kiungo kisichogoma kitakuja kumwangusha mtu."

Alhamisi hiyo ufagio haukuguswa. Mama alikuwa amekwenda kupeleka viti kwa mteja, na juu ya meza ya kazi kulikuwa na vipande viwili vya mbao nyekundu, vimekerezwa vizuri na kupigwa msasa mpaka vikateleza. Mbao hiyo ilitoka kwenye dawati la mbele la darasa lao, dawati alilokalia mwalimu wao wa hesabu alipokuwa mtoto katika shule hiyo hiyo. Dawati lilikuwa limevunjika, na mwalimu alikuwa anastaafu kesho yake. Darasa zima lilikubaliana apewe kalamu ya mbao ya dawati lake.

"Niachieni mimi," Machachari alisema siku ile. "Mimi najua."

Kujua ndiko kulikuwa kazi yake. Mwalimu alipouliza mwisho wa kila kipindi, "Nani hajaelewa? Anyooshe mkono," mkono wa Machachari haukupanda hata siku moja, hata pale ambapo hakuambulia kitu.

Mama alikuwa amemsaidia kutoboa mbao, kugundisha mirija ya shaba ndani yake na kuzikereza. Kilichobaki ni kuunganisha vyuma vilivyokuja kwenye pakiti, pamoja na karatasi ya maelekezo. Rafiki yake, aliyeitwa Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia, ndiye aliyeishika karatasi.

"Soma," Machachari aliamuru.

Redio alikohoa kama mtangazaji. "Hongera kwa ununuzi wako wa furaha. Hatua ya kwanza: weka pua katika pipa la chini."

"Pua? Pua ya nani?"

"Labda yako. Ndiyo ndefu."

"Acha utani wewe! Watakuwa wanasema hii ncha, na pipa ni hii mbao." Aliichukua ncha ya chuma, akaibana pamoja na mbao kwenye jiliwa, kile chuma cha kubania kilichofungwa pembeni mwa meza. Akakaza. Ncha ikaingia. "Haya, ya pili."

"Hatua ya pili: tazama hatua ya tano. Ya tano inasema, kama katika picha ya nne."

"Picha ya nne iko wapi?"

"Picha zinaishia ya tatu."

Machachari alipiga meza kwa kiganja. Hasira zilimpanda mpaka masikio yakawa ya moto. Mtu anakaa, anaandika upuuzi kama huu, halafu anauza! "Ruka. Soma ya tatu."

"Hatua ya tatu: sukuma maambukizi polepole ndani ya pipa."

"Maambukizi! Sasa hii ni kalamu au homa?"

Walicheka mpaka Redio akashika mbavu. Maambukizi yenyewe, walikisia, ni kile chuma cha katikati ambacho ukikizungusha, wino hutoka na kurudi ndani.

"Kuna maneno mengine hapa," Redio alisema. "Maambukizi yasivuke..."

"Basi, basi! Kunja hiyo karatasi. Mimi mtoto wa fundi bwana, najua."

Akakibana chuma kwenye jiliwa, akakaza. Kikaingia. Akakaza tena, mpaka kikagoma kabisa, kama alivyofundishwa.

Kisha akaweka mrija wa wino. Ncha ya wino ilichomoza nje. Alizungusha, ikachomoza zaidi. Alirudisha, bado iko nje. Alijaribu kukivuta chuma kwa koleo. Wapi! Kilikuwa kimezama, hakishikiki.

"Tumpe hivyo hivyo," Redio alinong'ona. "Akija kugundua, sisi hatupo."

"Na lile shati lake jeupe? Ataiweka mfukoni, wino wote utammwagikia kifuani!" Machozi yalimtoka. Mbao ya dawati lile haikubaki hata kipande.

Mlango ukafunguliwa. "Hodi wenyewe," mama alisema. "Kalamu tayari?"

"Tayari," Machachari alijibu haraka. Kisha akakishusha kichwa. "Hapana, mama. Nimeiharibu."

Mama aliitazama kalamu, akaichukua karatasi. Alisoma, akakunja uso, akaigeuza juu chini. "Heh! Aliyeandika hii alikuwa anakimbizwa? Hata mimi siielewi." Lakini aliendelea kusoma mpaka chini. "Maambukizi yasivuke mstari. Mstari gani huo?"

Machachari alikumbuka. Kwenye kile chuma kulikuwa na alama nyembamba iliyokizunguka. Sasa ilikuwa imezama ndani ya mbao.

"Ulikikaza mpaka kikagoma," mama alisema.

"Si wewe unayesema hivyo kila siku?"

"Ndiyo. Kwenye viti." Mama alishusha pumzi. "Na sikukwambia kwamba kalamu si kiti. Hapo na mimi nimo."

Machachari aliigeuza kalamu mkononi. "Mama, naomba kuuliza. Hili tundu la mbele, wino unapotokea, halifiki mpaka kwenye chuma?"

Mama alitabasamu. "Ungeanza na kuuliza, mwanangu, tungekuwa tunakunywa chai saa hizi."

Walikata kipande cha spoki ya baiskeli, wakakipiga tupa ili kisikwaruze, wakautoa mrija wa wino na kukipitisha tunduni ili kukisukuma kile chuma kirudi nyuma. Mama alishika mbao kwa kitambaa. Machachari aligonga kidogo sana kwa nyundo, maana mbao ikipasuka, basi tena. Redio alinyamaza kimya kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Wakagonga, wakajaribu wino, wakagonga tena. Hatimaye alama ikaonekana, na ncha ya wino ikatoka na kurudi ndani ilivyotakiwa, wakamalizia kwa kuunganisha kipande cha juu.

"Sikiliza," mama alisema. "Karatasi ni mbaya, sikatai. Lakini si karatasi iliyokaza jiliwa. Usichokielewa, kiulize. Ukikosa wa kumuuliza, kijaribu taratibu kabla hujakikaza. Kuuliza si ujinga."

Kesho yake mwalimu aliipapasa ile kalamu kwa kidole, kisha akaichomeka kwenye mfuko wa shati lake jeupe. Akafundisha kipindi chake cha mwisho, na kama kawaida akauliza, "Nani hajaelewa? Anyooshe mkono."

Mkono mmoja ukapanda.

"Mimi, mwalimu," Machachari alisema. "Tangu muhula uliopita."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alivuta kiti mpaka karibu naye, akaketi, akaitoa kalamu mfukoni na kuizungusha.

"Swali hili nimeliuliza miaka yote nikingoja mkono kama huo," alisema. "Haya, tuanze mwanzo."