Uso wa Bi Kabibi

Mimi si mtu wa kuamini kila liletwalo na upepo. Miaka ishirini na miwili nimepiga picha za maharusi hapa Malindi, na kwa kazi hii umbea unausikia mpaka unashiba. Kwa hivyo nikikwambia hili lilinifika mimi mwenyewe, Shekha binti Seif, wala si jirani wala si mkwe wa jirani, nisikilize kwanza, halafu uamue.

Ilikuwa Jumatatu, mchana mweupe. Nimeosha vyombo, nimefua, nimeanika. Nyumba imenyamaza kama kawaida yake. Mume wangu alitangulia mbele ya haki, mwaka wa sita huu, na wanangu wawili wako Doha. Hunipigia simu Ijumaa. Siku zilizobaki nazungumza na redio, na nikikasirika naigombeza. Basi hodi ilipobishwa nilifurahi hata kabla sijajua ni nani.

Alikuwa Mahira, biarusi wa Mambrui, ambaye nilimpiga picha wiki tatu nyuma. Macho yamemvimba, mashavu yamebonyea.

"Shikamoo, Bi Shekha."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana. Mola amrehemu mama."

Mama yake, Bi Kabibi, alifariki siku ya saba baada ya arusi. Hakuugua hata kichwa. Walimkuta amekaa kitini saa saba za mchana, macho wazi, anautazama mlango.

"Nimekuja kwa picha," Mahira akasema. "Zangu hata usinipe. Nataka uso wa mama tu. Sina hata mmoja."

Na kweli hakuwa nao. Bi Kabibi hakupigwa picha maisha yake yote. Hata kitambulisho cha serikali hakuchukua; alikubali kusumbuka ofisi hadi ofisi kuliko kuiangalia kamera. Alizaliwa Adu, akalelewa na nyanya yake, akaja kuolewa Mambrui na kusilimu hapo. Siku ya kupamba, ile sherehe ya wanawake peke yao ya kumwonyesha biarusi, alinifuata pembeni, akaweka kiganja juu ya lenzi yangu.

"Usinipige mimi," aliniambia kwa sauti ya chini. "Nyanya alinionya tangu mdogo. Kuna anayenitafuta. Jina langu analo, sura yangu hana. Usimpe."

Nilimwitikia, lakini moyoni nilicheka. Haya ya wazee! Kisha Mahira mwenyewe, na hina yake mikononi, akaninong'oneza: "Bi Shekha, mpige mama asijue. Moja tu, nibaki nayo." Nami, kwa kujiona fundi, sikupiga moja. Nilipiga kumi na moja, huku nikijificha nyuma ya mabega ya wenzake.

Jioni ile ile kadi ya kamera ikakataa kusomeka. Kwa wiki tatu nilimdanganya Mahira kwamba nazisafisha picha. Jumatatu ile nikaona haya, nikamwambia kweli.

Hakunilaumu, na afadhali angenitukana.

"Naanza kumsahau," akasema. "Nikifumba macho naliona buibui lake. Kanga zake naziona. Uso siuoni. Bwana wangu Ridhwan yuko kazini Mombasa, hurudi mwisho wa mwezi. Nimo mle nyumbani mwa mama, mimi na kuta nne."

Niliyajua maneno yale. Nimeyala mimi miaka sita.

"Mpelekee fundi basi," akanisihi.

"Fundi yupi? Mafundi wote wanaume." Na hilo ndilo tatizo la kazi yetu. Simu hukusanywa kapuni mlangoni kwa sababu gani? Humo kadini mna wanawake themanini, nywele wazi, mabega wazi, wameniamini mimi. Kadi ya kupamba haitoki mkononi mwa mwanamke. "Nitaihangaikia mwenyewe," nikamwahidi.

Alipoondoka nikaanza. Kadi haisomeki kwa sababu nyingi, na mtu mwenye pupa huiua kabisa. Kwanza nilitazama kile kidude cha ubavuni cha kufungia, kilikuwa sawa. Nikasugua vile vipande vya shaba kwa kifutio cha penseli, polepole. Nikabadilisha kifaa cha kusomea. Kompyuta ikaniuliza kama nataka kuifuta kadi na kuianza upya, na hapo ndipo wengi huangamia, wanabonyeza ndiyo. Mimi nikakataa. Wala sikuirudisha kwenye kamera, maana picha mpya moja ikiingia hufukia za zamani. Nikafungua programu ya kufufua picha, nikaiacha ichimbe.

Adhana ya adhuhuri ikapita. Nikaswali, nikarudi. Programu imemaliza: picha mia nne na kumi na mbili zimepatikana. Nikapiga kigelegele peke yangu, mwanamke mzima!

Nikafungua ya kwanza. Kijivu kitupu. Ya pili, kijivu. Ya hamsini, kijivu. Biarusi hayumo, ukumbi haumo, wale wanawake themanini hawamo. Katika picha zote zile zilifunguka kumi na moja tu.

Zote za Bi Kabibi.

Nilizipanga kiooni, kwa mfuatano niliozipiga. Ndipo nikaona. Kuna moja niliipiga kutoka mlangoni. Nyingine kutoka ngazi za jukwaa, nyingine karibu na meza ya vinywaji. Nilizunguka ukumbi mzima siku ile, miguu ikaniuma. Na katika kila picha Bi Kabibi haitazami kamera, wala hamtazami mwanawe. Anatazama kando kidogo, kuliani kwangu, usawa wa uso wa mtu aliyesimama. Kila nilipohama, macho yake yalihama nami.

Katika ya kwanza amekunja kipaji, kama mtu anayejaribu kukumbuka alikomwona fulani. Ya tano amekumbuka. Ya nane anatokwa na machozi. Ya kumi na moja kinywa ki wazi, na kichwa ameinamisha, kama mtu aliyeitwa jina lake akaitika.

Mimi hufanya kazi peke yangu. Sina msaidizi.

Nikageuka kulia. Ukuta. Kalenda. Nikasoma Ayatul Kursi mara tatu. Nilikuwa naogopa, sifichi. Nikaapa Mahira hatazipata picha zile, kwa sababu uso wa yule msichana na wa mama yake ni chungwa lililokatwa kati; aliyeipata sura ya mama ameipata na ya mwana.

Lakini alinipigia Jumanne: "Bado?" Jumatano: "Bado?" Alhamisi hakuuliza, alilia tu, nami nikashika simu nikamsikiliza. Ijumaa wanangu wakapiga kutoka Doha. Tulizungumza dakika sita, mmoja akasema ana haraka. Nikakaa pale na simu mapajani, nikamfikiria yule mtoto wa watu, hana hata sura ya kuizungumzisha. Roho ikanivunjika. Sikio la kufa halisikii dawa.

Nilichapa moja. Nikakata kila kitu, nikabakisha uso peke yake, nikajidanganya kwamba uso mtupu hauna dhara. Nikagonga mhuri wangu nyuma, nikaifunga bahashani. Baada ya swala nikapanda tuktuk hadi Mambrui.

Jua lilikuwa utosini, njia haina mtu. Mahira akanifungulia kabla sijabisha. Aliipokea bahasha kwa mikono miwili. Alipoiona picha akaketi mkekani, akaibusu, akaiweka shavuni.

"Mama," akasema. "Mama yangu. Ndivyo alivyokuwa."

Nikaketi mbele yake. Nilimwambia yote, kwa kunong'ona: kiganja juu ya lenzi, picha za kijivu, yale macho. "Niirudishie tuichome, mwanangu. Umeshamwona. Inatosha."

"Hayo ya anayemtafuta nayajua," akajibu. "Mama aliniambia tangu utotoni. Nikajua, na bado nikakutuma." Akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Bi Shekha, tangu matanga ya mama yaishe hakuna aliyefika mlango huu ila wewe leo. Bora nitafutwe na huyo kuliko nisitafutwe na mtu."

Angekuwa mwanangu ningemzaba kofi, kisha nikamkumbatia. Akainuka akaenda jikoni, nikasikia buli likigonga sinia.

Akarudi na kahawa na halua. Vikombe vitatu.

"Ridhwan amerudi?" nikauliza.

"Ridhwan yuko Mombasa." Akanimiminia. Akajimiminia. Cha tatu akakijaza, akakiweka kuliani kwangu, karibu kabisa na goti. Akanong'ona kwa adabu, kama anavyonong'ona mtu asiyetaka kumwaibisha mkubwa wake:

"Huyu uliyekuja naye, mbona hukumkaribisha? Amesimama tangu ulipoingia."

Sikugeuka. Shingo ilikataa. Nilitazama mkeka. Nilitazama vidole vyangu. Kando yangu kikombe kikasugua kisahani. Kikainuka. Kimya. Kikarudi.

Mahira alikuwa akitazama juu ya bega langu. Alikunja kipaji. Alikuwa akikumbuka.

"Mahira," nikamwita. "Nitazame mimi. Mahira!"

Uso wake ukafunguka. Sijapata kumwona na furaha ile, hata siku ya arusi. Akainamisha kichwa.

"Labeka," akasema. Na mimi sikusikia aliyemwita.

Nikakimbia. Bila viatu, bila mkoba, mchanga unaniunguza nyayo. Nyuma yangu nikasikia mlango ukirudishwa taratibu, na sauti ya Mahira ndani, tamu, ya mwenye nyumba aliyepata watu: "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Nilirudi na majirani wawili. Akatufungulia akicheka, akanipa viatu vyangu na mkoba, akasema hajambo, asingependa kusumbuliwa, ana mgeni. Wale majirani wakanitazama mimi kama mwenda wazimu. Nikarudi Malindi nikaichoma kadi kwenye jiko la makaa, nikafuta kila kilichokuwamo kwenye kompyuta. Usiniulize kama nilimpigia simu. Nilipiga mpaka betri ikaisha.

Walimkuta Ijumaa iliyofuata, saa saba za mchana, amekaa kitini.

Ridhwan alikuja kwangu baada ya matanga. Kijana mpole, ndevu hazijamkolea. Alitoa kitu mfukoni, akanipa.

"Alikuwa amekishika hiki, Bi Shekha. Ilibidi tumfungue vidole. Nimeona jina lako nyuma nikadhani wewe unajua ni nini."

Nilimwambia sijui. Mola anisamehe, nilimtazama machoni nikamwambia sijui, nikampa pole, nikamsindikiza mpaka nje. Kisha nikakiweka pale kwenye meza ya kazi, nikawasha taa, nikakigeuza huku na huku. Karatasi ni yangu. Vipimo ni vyangu, nilivikata kwa mkono wangu. Nyuma kuna mhuri wangu. Mbele ni peupe, hapana mtu.