Kijani Kisichopanda

King'ora cha saa sita kilipolia, wafanyakazi wa mji wa Nuruni walivua mashati wakajipanga uwanjani kula jua. Wote walikuwa na ngozijani, ngozi iliyopandikizwa chembe za majani ili ijitengenezee chakula kwa mwanga. Mji haukuwa tena na soko wala jiko. Jicho-tambuzi lililoning'inia juu yao lilimpitia kila mmoja, likiona kijani linaridhika. Aliyegeuka manjano alifukuzwa mjini siku hiyohiyo.

Siwema, aliyeibuni ngozi hiyo, alikuwa maabarani na mdogo wake Shomari. Jicho lilisema Shomari ni mzima, lakini alikuwa amekonda, kabaki mifupa mitupu. Siwema hakuridhika. Alimkwangua ngozi kidogo mkononi, akaiponda kwenye spiriti, akadondosha tone karibu na ncha ya ukanda wa karatasi ya kuchujia. Kisha akausimamisha ukanda katika glasi yenye kiyeyushi kidogo.

"Karatasi tena, dada? Mambo ya kizamani hayo."

"Ya kizamani, lakini haidanganyiki. Kiyeyushi kikipanda hubeba rangi za jani, kila moja kwa mwendo wake. Manjano ya karotini hutangulia, kijani cha klorofili hufuata."

Wakangoja. Manjano hafifu yakapanda. Kijani kikabaki palepale kilipodondoshwa.

Klorofili isingebaki chini. Siwema akalowesha kidole kwa maji, akaligusa doa, kidole kikawa kijani. Rangi ile aliijua tangu utotoni. Ndiyo mama yao aliyokuwa akichemshia ukindu wa kusukia mikeka.

"Umejipaka," alisema. "Ngozi yako imekufa tangu lini?"

Shomari aliinamisha kichwa. "Tangu masika."

"Na unakula nini?"

"Majani ya kando ya barabara. Nikiyapata."

"Mficha uchi hazai, Shomari! Mimi si dada yako? Kwa nini hukuniambia?"

"Ningeanzaje? Mji mzima unakusifu. Na ningefukuzwa."

Siwema alilia, kwa hasira na kwa aibu. Akamshika mdogo wake mikono yote miwili.

"Nitakuficha kwangu, nitakutafutia chakula. Sasa niambie ukweli. Nani mwingine anajipaka?"

Shomari alimtazama kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni yeye Siwema.

"Dada," alisema taratibu, "uliza nani hajipaki."