Namba Kumi na Saba

Ukumbi wa hospitali ulifurika watu siku hiyo. Mtafiti, kijana mrefu mwenye koti jeupe lililombana mabega, alikuwa akimpima mama mmoja kiuno, futi imepinda hovyo. Fundi cherehani, mwanamke mnene aliyevaa gauni la njano alilojishonea mwenyewe likamkaa sawasawa, hakuvumilia. Alimnyang'anya futi akamwonyesha inavyoshikwa. Mtafiti akasahau hata alichotaka kuandika. Hapo hapo, jamani, akawa amekwisha.

Fundi alikuja kujiandikisha kwa utafiti kwa sababu goti lilianza kumgomea kwenye pedeli, na bila pedeli hana kazi. Watu arobaini wangepewa pakiti. Nusu zilikuwa na unga wa mwani na mbegu za uwatu, uliotarajiwa kupunguza unene. Nusu, unga wa mchele mtupu. Nani kapata upi, hata mtafiti hakujua; siri ilifungwa ndani ya bahasha.

Kila asubuhi ya kupimwa fundi alipanda ghorofa nne kwa miguu, lifti ikiwa mbovu, manukato yakimtangulia. Wiki ya sita akampigia mtafiti simu kumwalika chai. Mtafiti, moyo ukimwenda mbio, akatoa jibu la kipuuzi kuliko yote.

"Siwezi. Wewe ni namba kumi na saba."

Alimaanisha kanuni ya kazi: anayepima haruhusiwi urafiki na anayepimwa mpaka bahasha za majibu zifunguliwe. Si angesema hivyo basi? Fundi alisikia tusi. Akakata simu, akalia, akamwambia dada yake kuwa yule bwana anaona kilo tu, mtu hamwoni. Aliendelea kwenda kupimwa kwa ukaidi, bila salamu, ila kila mara na gauni jipya.

Wiki ya kumi na mbili bahasha zikafunguliwa. Waliokula mwani walikuwa wamepungua, tena si haba. Mtafiti hakusubiri pongezi ziishe. Alikimbia na koti lake mpaka kwa fundi, akamkuta anakanyaga pedeli, goti kimya. Alimweleza yote, akaomba radhi mara mbili.

"Kwa hiyo nilikuwa nakula mwani?" fundi akauliza.

"Mchele mtupu."

"Na kilo zangu sita zimekwenda wapi?"

"Zimebaki kwenye ngazi, mpenzi. Ulizipanda kuja kwangu."

Fundi alicheka mpaka pini zikamwanguka.

"Wewe si namba tena," mtafiti akasema. "Nikuoe?"

Wiki kumi na mbili zote aliyepimwa alikuwa fundi. Sasa fundi akashusha futi yake shingoni.

"Simama wima, usivute tumbo ndani," alisema. "Suti ya harusi haishonwi kwa kukisia."