Shamba Linapumzika, Halijatupwa

Mama Vitunguu alikuwa barazani akifunga mafungu ya vitunguu. Mumewe akarudi kutoka sokoni, amenuna.

"Kulikoni, baba watoto? Mbona umekunja uso hivyo?"

"Baraza la mji linataka kujenga mtaa mzima wa nyumba bondeni. Ramani imebandikwa pale ofisini kwao. Shamba letu limo."

Mama Vitunguu aliweka fungu chini. Shamba hilo ndilo lililowalisha na kuwasomesha watoto wao.

"Ijumaa kuna mkutano wa kutoa maoni," mumewe akaendelea. "Wakulima tumekubaliana, hakuna kwenda. Tunawasusia mpaka waone aibu!"

Alisema hivyo kifua mbele, kama mtu aliyekwisha kushinda. Bibi shamba, mtaalamu wa kilimo, alikuwa ndiyo kwanza anaegesha pikipiki yake uani. Alimsikia, akaangua kicheko.

"Shemeji, msipokwenda, nani atajua kwamba mnapinga? Wataandika kuwa hakuna aliyepinga, basi. Tena ramani inasema bonde halitumiki."

"Halitumiki?" Mama Vitunguu aliruka. "Nani kasema?"

"Wapimaji walipita, wakaona zile pande zenye majani tu."

"Tunalipumzisha! Kila mtu hapa hupumzisha upande mmoja ili udongo upate nguvu."

"Mimi najua, dada. Wao hawajui. Nendeni mkawaambie. Kila mmoja aeleze analima nini na anauza wapi. Ombeni maneno yenu yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano. Waombeni pia waje kuona kabla ya kuamua. Na msimtukane mtu."

"Hata kidogo?" mumewe aliuliza.

"Hata kidogo, shemeji."

Mama Vitunguu alizunguka nyumba kwa nyumba kuwaita wenzake. Ijumaa ukumbi ulifurika. Zamu yake ilipofika, Mama Vitunguu alisimama.

"Nyumba hatuzikatai," alisema. "Watu wanahitaji pa kulala. Lakini kule kilimani ni mawe matupu, hakuoti hata mchicha. Kwa nini mjenge juu ya chakula? Njooni mwone wenyewe."

Kweli wakaja. Mama Vitunguu alimkabidhi mwenyekiti wa baraza jembe, akamwonyesha upande wenye majani. Mwenyekiti akalima kidogo huku akihema. Udongo ulitoka mweusi, laini, umejaa minyoo.

"Kumbe!" alisema, akijifuta jasho. "Na sisi tuliita hili pori."

Baraza likaamua nyumba zijengwe kilimani. Siku hiyo Mama Vitunguu alilia kwa furaha, na mumewe akajidai kwamba yeye tangu mwanzo alitaka waende mkutanoni.

Mvua ziliponyesha, wakapanda upande uliokuwa umepumzika. Vitunguu vilinenepa ajabu. Kilimani nako nyumba zikaisha, na mama mmoja aliyetangulia kuhamia akashuka bondeni na kikapu mkononi.

"Hodi! Nimesikia hapa kuna vitunguu vizuri. Vipo?"

Mume na mke walitazamana, wakacheka.

"Vipo, jirani," alisema Mama Vitunguu. "Vipo tele. Karibu."